Jina, Cheo na Namba: Wahusika Wetu Kwenye Kiti cha Chemsha Bongo

Athos, Porthos, na wa tatu ni nani? Swali hilo, ndugu msomaji, lina thamani ya rupia milioni 20. Ndilo swali la mwisho analoulizwa kijana Jamal Malik katika filamu ya Slumdog Millionaire, iliyoongozwa na Mwingereza Danny Boyle na kutolewa mwaka 2008. Anayejua anajibu Aramis, anachukua mshiko wake, anakwenda zake. Asiyejua anarudi alikotoka. Hakuna anayemwuliza Jamal kama amekisoma kitabu chenyewe, alichokitoa Mfaransa Alexandre Dumas mwaka 1844. Hakuna anayetaka kujua Aramis ni mtu wa namna gani, anapenda nini, anaogopa nini. Jina tu. Jina likipatikana, watu wanapiga makofi.

Wengi wetu tunalipenda swali la aina hii, na mimi simo nje ya kundi. Kijiweni tunaulizana sana: msaidizi wa Bwana Msa ni nani? Baba yake Rosa anaitwa nani? Anayejibu haraka anaonekana msomi, anayebabaika anachekwa. Lakini sisi tunaoshika kalamu, au tunaotamani kuishika, inatupasa tuliangalie swali hili kwa jicho kali kidogo. Ninachodai ni hiki: chemsha bongo ya televisheni humhoji mhusika wa hadithi kama polisi anavyomhoji mtuhumiwa, au karani anavyomhoji mwenye nyumba. Na sisi tukiizoea sauti hiyo, tutaanza kuumba wahusika wa kujibu maswali ya karani. Wapo tayari, jamani. Someni hadithi tunazoletewa na vijana wenzetu, na hata zetu wenyewe: jina la mhusika, umri wake, kabila lake, kazi yake, rangi ya gari lake. Kila kitu kipo, mtu hayupo.

Kiti cheusi

Tuanze na hiyo filamu, maana inajua siri hii kuliko watazamaji wake wengi. Imejengwa juu ya mahojiano mawili. Moja liko studio, chini ya taa, mbele ya watu. La pili liko kituo cha polisi, ambako Jamal anateswa kwa sababu wakubwa hawaamini kwamba mtoto wa mitaa ya mabanda anaweza kujua majibu. Kote kuwili kijana ameketi, mtu mzima anauliza na kumtazama usoni. Ukitoa makofi na muziki, tofauti inabaki ndogo sana.

Sasa angalia swali lenyewe la mwisho. Jamal alipokuwa mdogo, mwalimu aliwatania darasani, yeye na kaka yake Salim, kwa majina ya Athos na Porthos. Baadaye, usiku wa mvua, anamwona msichana Latika amesimama peke yake, naye anamwambia kaka yake kwamba huyu angeweza kuwa wa tatu wetu. Jina la wa tatu hakulijua wakati ule, na siku ya swali bado halijui. Anampigia kaka yake simu, inapokelewa na Latika, naye hajui vilevile. Anabahatisha, anapata. Yaani kijana ameishi miaka mingi akimtafuta huyo wa tatu, kisha mchezo unamlipa kwa herufi A tu. Mtazamaji makini anaona kwamba jibu la studio na jibu la maisha yake ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kuna jambo jingine pale, dogo lakini tamu. Katika majibu manne aliyopewa, moja ni D'Artagnan. Ndiye mhusika mkuu wa kitabu cha Dumas! Ndiye tunayeingia naye mjini Paris, ndiye tunayemfuata kila anakokwenda. Lakini kwa kuwa kitabu kinaitwa kwa askari watatu, na yeye ni wa nne anayejiunga nao, jina lake ni jibu la makosa. Mtu aliyekisoma kitabu kwa moyo, akampenda D'Artagnan, akajibu kwa mapenzi bila kusikiliza swali, anakosa. Aliyekariri orodha ya majina matatu bila kufungua ukurasa hata mmoja anapata. Hapo ndipo ulipo ugonjwa ninaousema.

Si kwamba watunga maswali ni wajinga. La hasha. Wana sababu yao, tena ya haki. Pale pana fedha au kikombe, na mwamuzi lazima aweze kufunga ubishi kwa sekunde moja. Kwa hiyo anahitaji jibu lisilobishaniwa: jina, idadi, mwaka, mahali. Ukiuliza Aramis alikuwa mtu mwema au mnafiki, mtakesha, na wenye televisheni hawana usiku wa kukesha. Hivyo kila kitu kinachobishaniwa juu ya mhusika kinatupwa nje kabla mchezo haujaanza. Bahati mbaya ni kwamba mhusika mzuri ni yule hasa anayebishaniwa.

Kuna historia hapa ambayo kila mwandishi kijana angefaa kuijua. Mwaka 1972 BBC ya Uingereza ilianzisha chemsha bongo iitwayo Mastermind. Aliyeibuni, Bill Wright, alikuwa mwanajeshi wa anga aliyetekwa na Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili, akahojiwa na Gestapo. Mateka wa vita hutaja jina, cheo na namba yake, basi. Wright akaichukua kumbukumbu hiyo ya kutisha akaigeuza mchezo: mshiriki anaketi peke yake kwenye kiti cheusi, taa inammulika, anataja jina lake, kazi yake na somo alilolichagua, kisha maswali yanamiminika. Washiriki wengi wamechagua vitabu vya mwandishi fulani, wakaulizwa juu ya watu ambao hawajapata kuwapo duniani. Kwa hiyo nisemapo kwamba chemsha bongo ni mahojiano ya polisi, sitii chumvi. Ndiko lilikozaliwa.

Wahusika wetu nao

Kwetu mchezo huu ulichelewa kidogo. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu 1973, lakini Bara tulisubiri mpaka 1994. Mwaka 2007 likaja shindano la Celtel Africa Challenge, lililokuja kuitwa Zain Africa Challenge, likiwakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu vya Tanzania, Kenya na Uganda, na baadaye vya nchi nyingine. Lugha ilikuwa Kiingereza. Vijana wa vyuo waliketi nyuma ya vitufe vyao, na nchi zikatazama. Lilikuwa jambo zuri, maana hatimaye aliyeshangiliwa kwenye kideo alikuwa mtu wa kitabu.

Tangu hapo nimesikia malalamiko ya aina moja mara nyingi, na yana uzito: kwa nini kijana wa Morogoro ajue Aramis na asimjue Karama? Waulizwe watu wetu! Naam, waulizwe. Wenzangu fulani wa hapa mji kasoro bahari, waliokuwa wakiandaa mchezo wa vijana, waliniomba niwatungie maswali 20 ya wahusika wa fasihi ya Kiswahili. Nikayatunga. Nitawapa machache hapa, nanyi mjipime kabla ya kuendelea kusoma.

La kwanza. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951, wajumbe waliotumwa nje ya nchi walikuwa wangapi, na majina yao nani? Jibu: sita. Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini.

La pili. Mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, yule wa Mzimu wa Watu wa Kale, hufuatana na rafiki gani? Jibu: Najum.

La tatu. Rosa Mistika wa Euphrase Kezilahabi, kitabu cha 1971, ni binti wa nani? Jibu: Zakaria.

La nne. Katika tamthilia ya Nguzo Mama ya Penina Muhando, ya 1982, wanawake wa kijiji cha Patata wanaitwaje? Jibu: Bi Moja, Bi Pili, hivyo hivyo mpaka Bi Nane.

Umepata ngapi? Kama umepata yote manne, hongera, wewe ni msomaji au una rafiki msomaji. Lakini tuulizane ukweli: je, majibu haya yamekuambia nini?

Chukua lile la Bwana Msa. Anayejibu Najum anajibu sawasawa na anayejibu Watson kwa Sherlock Holmes. Hata kiko mdomoni kinafanana. Swali la jina linamwonyesha Bwana Msa pale tu anapofanana na Mwingereza. Halituonyeshi pale alipo Mzanzibari: namna anavyojua kwamba fumbo mara nyingi halimo kwenye nyayo na majivu ya sigara, limo kwenye nasaba, kwenye mtoto ni wa nani na nani kaficha nini. Ukoo ndio ushahidi wake. Hilo ndilo Abdulla alilolileta yeye, na chemsha bongo haina kitufe chake.

Au chukua la Rosa. Binti wa Zakaria, sawa. Karani ameandika. Lakini tangu kitabu kile kitoke, wasomaji hawajamaliza kubishana: kosa ni la baba mlevi anayempiga binti kwa ajili ya barua ya mvulana? Ni la shule? Ni la dunia? Au Rosa mwenyewe ana lake? Kitabu kilikatazwa mashuleni kwa muda kwa sababu watu wazima waliogopa ubishi huo. Hawakuogopa jina la Zakaria.

Na la nne ndilo linalonichekesha na kuniliza. Penina Muhando, ambaye siku hizi tunamjua kama Penina Mlama, ni mzaliwa wa Berega, mkoa wetu huu wa Morogoro. Aliwapa wanawake wale namba badala ya majina, akawafanya wahangaike kuisimamisha nguzo ambayo kila mmoja anaiachia kwa sababu zake. Yeye aliwapa namba makusudi, tuone jinsi mwanamke anavyohesabiwa bila kujulikana. Kisha naja mimi na swali langu, nawahesabu tena! Mchezo umelimeza shairi na kutema maganda.

Kwa hiyo, wenzangu, kumtoa Aramis kitini na kumkalisha Karama si ukombozi. Kiti ni kilekile, taa ni ileile. Kubadili majina ni kazi nyepesi. Uzito uko kwenye kubadili swali.

Karani Ngoswe

Yupo mhusika mmoja wa Kitanzania anayeieleza habari hii kuliko mhakiki yeyote. Ni Ngoswe, katika tamthilia ya Edwin Semzaba, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, iliyochapishwa 1988. Ngoswe ni karani wa sensa. Ametumwa kijijini kuhesabu watu. Kalamu anayo, karatasi anazo, maswali anayo. Anafikia kwa Balozi Mitomingi, anamwona binti yake, Mazoea, na kazi inakwisha hapohapo. Mapenzi, pombe, aibu, na mwishowe karatasi za hesabu zinatiwa moto na baba mwenye hasira.

Walimu wetu wanatufundisha kwamba dhamira ni uzembe kazini, na mtihani unataka hivyo. Sawa, uzembe upo, tena umo katika jina la kitabu. Lakini soma tena. Karani anakuja kijijini akidhani watu ni majibu ya maswali yake. Anagundua kwamba ndani ya nyumba anayotakiwa kuiandika namba kuna binti mwenye macho, baba mwenye wivu, na yeye mwenyewe karani ana mwili. Nyumba haikubali kuhesabika.

Na angalia lililompata Ngoswe baada ya kutoka kitabuni. Nenda stendi ya Msamvu, nenda Soko Kuu la Chifu Kingalu, sikiliza watu wakigombana juu ya mambo ya mtu mwingine. Haipiti siku hujasikia: ya Ngoswe mwachie Ngoswe. Anayesema hivyo huenda hajaiona tamthilia hata mara moja. Mwulize Ngoswe alikuwa na kazi gani, mwulize binti wa Balozi anaitwa nani, atakutolea macho. Kwenye chemsha bongo angepata sifuri. Lakini jina la Ngoswe analitumia kufanyia kazi: analinda faragha ya jirani, anamziba mdomo mmbea, anajitoa kwenye kesi isiyomhusu. Nani anamjua Ngoswe zaidi, huyu au yule aliyekariri? Mimi sina haraka ya kumpa ushindi mwenye kukariri.

Mtihani na chemsha bongo, kwa njia, ni mtu na ndugu yake. Kijana wa kidato cha nne anasoma kijitabu cha uchambuzi kabla ya kitabu chenyewe, au badala yake. Mhusika anamjia amekwisha katwa vipande: jina, wasifu, nafasi yake, anafaa kuigwa au hafai kuigwa. Watoto wa Mama N'tilie wa Emmanuel Mbogo, wale waliokosa ada wakaishia kuchakura jalalani, wanapangwa kwenye safu kama vifaa dukani. Simlaumu kijana, mtihani ni maisha yake. Lakini akishafaulu akataka kuandika, atakuwa amejifunza wapi kwamba mhusika ni zaidi ya wasifu wake?

Kitendawili, tega

Mtu atasema: basi wewe hutaki michezo, unataka kila kitu kiwe cha huzuni. Sivyo. Nasi tulikuwa na chemsha bongo yetu kabla ya televisheni, na hapa chini ya milima ya Uluguru bado inachezwa na watoto jioni. Kitendawili! Tega! Lina swali, lina jibu moja, lina mshindi. Lakini tazama sheria yake kwa asiyejua. Hafukuzwi, hazimiwi taa. Anaambiwa nipe mji. Naye anatoa, tena kwa ukarimu: nakupa Morogoro, nakupa Tanga, nakupa Mombasa. Mtegaji anaupokea mji, anaelezea alivyofika kule, watu walivyompokea, alivyokula na alivyokunywa, ndipo anatoa jibu. Kutojua kwa mmoja kunazaa hadithi ya wote. Sijaona televisheni yenye akili hiyo.

Na milima hii ina somo jingine juu ya majina. Nimetaja Soko la Chifu Kingalu, lililofunguliwa mwaka 2021. Kingalu ni nani? Mgeni anatarajia jibu la mtu mmoja, alizaliwa lini, akafa lini. Lakini Kingalu wa Kinole, mwenye sifa ya kuleta mvua, ni jina la kiti: anayerithi kiti anarithi na jina. Hapa Kingalu amekuwa wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kuendelea, na kila mmoja ni Kingalu kamili. Huyu si mhusika wa kubuni, ni historia, lakini yaliyosimuliwa juu ya jina hilo yamepita midomo mingi mpaka kumtenganisha Kingalu mmoja na mwingine si kazi ya kitufe. Mwenye A, B, C na D atapata tabu Uluguru.

Ebrahim Hussein alilijua jambo hili alipoandika Kinjeketile mwaka 1969. Kinjeketile Ngwale wa Maji Maji alikuwa mtu kweli, Wajerumani walimnyonga 1905. Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha Hussein. Ukiuliza kwenye mchezo, je, Kinjeketile aliamini maji yake, unamwuliza yupi? Wa historia hatuwezi kumwingia moyoni. Wa tamthilia anaumia mbele yetu kwa swali hilohilo, na ni kuumia huko kunakomfanya akae kichwani miaka na miaka. Swali lenye majibu mawili ndilo lililompa uhai.

Kizimbani

Nilisema nitarudi kwa wajumbe sita wa Kusadikika, au kama sikusema basi nasema sasa, kwa sababu wao wananizuia nisiyadharau majina.

Kumbuka hali ilivyo. Karama ameshtakiwa. Kosa lake ni kufundisha watu elimu ya sheria. Anayemshitaki ni Waziri Majivuno, na nchi yenyewe inaelea angani, haina chini wala mipaka ya kushika. Karama amesimama kizimbani, yaani kwenye kiti cheusi, na anatakiwa ajitetee. Afanye nini? Anaanza kutaja majina. Buruhani, alikwenda, alirudi na mema, akafungwa. Fadhili, vilevile. Kabuli, Auni, Ridhaa, Amini. Mmoja baada ya mwingine anawatoa gizani mbele ya mfalme na baraza, kila jina na safari yake, kila safari na taabu yake, mpaka wasikilizaji wanaona kwamba nchi yao imekuwa ikiwafunga watu wake bora. Mwishowe Karama anaachiwa, na wale sita nao wanafunguliwa.

Oneni, wenzangu. Majina ni yaleyale sita. Kwenye mchezo wangu yana thamani ya pointi, na pointi zinamwendea anayejibu. Kizimbani yalikuwa na thamani ya maisha, na faida ilimwendea anayetajwa. Hapo ndipo ninapoipima tofauti yote. Polisi, karani na mtunga maswali wanataja jina ili wafunge faili. Karama anataja jina ili mlango ufunguke. Shaaban Robert alikuwa ameajiriwa serikalini chini ya Waingereza, aliijua lugha ya faili vizuri kabisa, na bado aliandika kitabu ambamo orodha ya majina inageuka utetezi. Si jambo dogo.

Ndiyo maana sikuyafuta maswali yangu 20. Nilibadili sheria. Anayetaja jina anapata pointi moja. Halafu anaulizwa la pili: huyu uliyemtaja alifanya nini ambacho angeweza kutokifanya? Kwa Takadini, kitabu cha Ben Hanson, jina la mama ni Sekai, pointi moja. La pili: Sekai alichukua mtoto wake mwenye ulemavu wa ngozi akatoroka naye usiku, wakati mila na usalama wake vilimtaka amwachie afe. Angeweza kukaa. Hakukaa. Hapo ukumbi ulinyamaza, kisha ukaanza ubishi: angekaa ingekuwaje, mumewe ana lawama gani, wewe ungefanyaje. Mwamuzi alishindwa kuufunga ubishi na muda ukaisha. Mimi kwa upande wangu naona hiyo ndiyo ilikuwa chemsha bongo. Bongo zilichemka.

Swali hilo la pili nawaachia nyinyi mnaoandika, maana ni kipimo cha kazi yako kabla hujaileta hapa. Chukua hadithi yako. Mtoe mhusika jina, umri, kazi, mtaa na gari. Kimebaki nini? Kuna jambo alilolifanya ambalo angeweza kuliacha, na asingelifanya mwingine kwa namna ileile? Kama lipo, unaye mtu, hata ukimwita Bi Nane. Kama halipo, umejaza fomu ya karani, na siku moja Mitomingi atakuja na kiberiti.

Haya, tega nami nimetega. Anayetaka kujibu, au kutunga swali lake juu ya mhusika yeyote wa Kiswahili, alete kwa ukurasa huu. Masharti ni mawili tu: swali lijibiwe na aliyesoma kitabu chenyewe, na jibu lisitoshe kwenye mstari mmoja. Asiyejua atupe mji, nasi tutaupokea.